Vifuko Katika Damu ya Mwalimu

Mwalimu ndiye mgonjwa pekee niliyewahi kumwona akinuna kwa kuambiwa kwamba ni mzima. Wengine tukiwapa habari njema hupiga magoti, au hulia, au huwapigia simu watu wa nyumbani kabla hawajafika mlangoni. Yeye alishusha mkono wa sweta juu ya pamba niliyombandika, akasema "bon," yaani sawa, kisha akatazama dirishani, upande wa ziwa, kama mtu aliyesomewa adhabu. Mara ya kwanza nilidhani hakusikia vizuri, nikamrudia polepole kwamba vipimo vyote vilikuwa vizuri. Akanijibu kwamba alikuja kutibiwa titi, si masikio.

Nilimjua muda mrefu kabla sijaujua mshipa wa mkono wake. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa mawe meusi ya volkano, katika mtaa ulioko juu ya soko la Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo hivyo; jina lake si langu kulitoa. Alikuwa amefundisha shule ya msingi hadi akastaafu. Familia yake ilirudi Rwanda kutoka Kongo, akaja na Kiswahili chake cha Goma. Sisi tulirudi kutoka Tanzania, upande wa Kagera, na chetu. Alituchekea sana. Alisema mama yangu akiomba chumvi ni kama redio inasoma taarifa ya habari. Mama naye alisema Mwalimu akizungumza huacha nusu ya sarufi barabarani. Lakini ndiye aliyeachiwa ufunguo wa nyumba yetu kila tuliposafiri, na mama hakuwahi kumpa mtu mwingine.

Darasani alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa wa namna yake. Hakupenda mtoto amwombe msamaha haraka. Mtoto akivunja kitu na kusema "pardon" papo hapo, Mwalimu alimsimamisha. "Ukisema pardon mbio mbio, unataka tu mi ninyamaze," alikuwa akisema. Ilimbidi mtoto aeleze kwanza alichokifanya, tangu mwanzo, bila kuruka, na bila kumtaja mwenzake. Baada ya hapo msamaha ulitoka bila shida, na jambo hilo hakulitaja tena. Watu wazima wa mtaa wetu waliopita mikononi mwake bado wana tabia hiyo. Unaweza kumtambua mwanafunzi wake kwa jinsi anavyochukua muda mrefu kukuomba radhi.

Naye mwenyewe alijitendea hivyo hivyo. Siku moja alimtuhumu msichana wa darasa lake kwamba ameiba chaki za rangi, akamtoa nje mbele ya wenzake. Baadaye chaki zikaonekana nyuma ya kabati, zimeanguka. Kesho yake asubuhi, shule yote ilipokusanyika kwenye bendera, Mwalimu alipanda ngazi alipokuwa akisimama mkuu wa shule, akaeleza kila kitu: alivyomshika mtoto yule mkono, maneno aliyomwambia, na sababu ya kumdhania, ambayo ilikuwa kwamba mtoto alitoka nyumba maskini. Walimu wenzake waliona amejidhalilisha. Aliposimulia kisa hicho kwetu, hakukisimulia kama kitu cha kujivunia. Alisema yule msichana alimtazama mwaka mzima bila kucheka, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo makosa yake madogo aliyakiri hadharani. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akiyatoa hayo madogo ili lile kubwa libaki limefichika nyuma yake.

Kulikuwa na dalili, kama ningekuwa na akili ya kuziona. Kwenye harusi alikaa kwenye benchi la mlangoni, hata pale alipowekewa kiti cha mbele. Nyama ilipopita aliipitisha kwa jirani yake. Mwaka mmoja akina mama wa kwaya ya kanisani kwao waliandaa siku ya kumshukuru kwa kuwafundisha kusoma. Asubuhi ile kichwa kikamuuma, akajifungia ndani, na keki ikaliwa bila yeye. Mama yangu alisema ni unyenyekevu. Mimi pia nilisema hivyo.

Dalili kubwa zaidi ilikuwa Solange. Huyu alikuwa mtoto wa mdogo wake Mwalimu, mwanamke aliyelima viazi kule Busasamana, chini ya volkano. Mdogo huyo alifariki Solange akiwa ameachishwa kunyonya muda si mrefu, na Mwalimu, aliyekuwa mjane bila mtoto, akamchukua akamlea. Tuliambiwa mama yake alikufa kwa homa. Nasi tulipouliza zaidi, kama majirani wanavyouliza, Mwalimu alijibu neno moja tu: "Alichelewa." Hatukujua alichelewa kwenda wapi, wala hatukuuliza tena.

Mwanamke huyu aliyewatetemesha watoto wa mtaa mzima hakumkaripia Solange hata siku moja. Solange alivunja vyombo, alirudi nyumbani kwa kuchelewa, alifeli mtihani wa hesabu, na Mwalimu alimpakulia chakula na kumwuliza kama ameshiba. Tulipokuwa wakubwa, yeye akiwa fundi wa kushona sokoni na mimi nikiwa nimeanza kazi maabara, Solange aliniambia jambo ambalo lilinikaa. Alisema utotoni alikuwa akisimama nyuma ya dirisha la darasa kusikiliza Mwalimu akiwagombeza wengine, akatamani siku moja agombezwe yeye. Alisema aliishi mle nyumbani kama mgeni anayeheshimiwa.

Sasa nieleze jinsi damu yake ilivyofika mikononi mwangu.

Mwalimu aliugua saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji na kupewa dawa za mishipani, akapona. Kipindi hicho hospitali nilikofanya kazi ilikuwa imeingia katika mradi wa utafiti, na kazi yangu ilikuwa kuchukua damu ya waliojitolea. Mradi wenyewe si mgumu kuueleza. Kila seli ya mwili, iwe nzima au yenye ugonjwa, hudondosha vifuko vidogo mno ambavyo huingia kwenye damu na kuzunguka nayo. Hadubini yetu haikuweza hata kuviona. Ndani ya kila kifuko mna vipande vya protini na ujumbe wa seli iliyokitoa, na juu ya ngozi yake kuna alama zinazoonyesha kimetoka wapi. Seli za saratani nazo huvitoa. Watafiti walitaka kujua kama, kwa mtu aliyekwisha kutibiwa, vifuko hivyo vingeweza kutuonya kwamba ugonjwa unarudi kabla picha za hospitali hazijaonyesha chochote. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa watu hawa walitoa damu, ikapelekwa Kigali kupimwa, na wao wakapigwa picha, ili vipimo hivyo viwili vilinganishwe.

Sehemu yangu ilikuwa ya mwanzo tu. Nilichoma sindano taratibu, nikaacha damu ijae yenyewe, nikaizungusha kwenye mashine mapema, nikatenga maji yake ya njano, nikayazungusha tena, nikayagandisha. Mrija ukitikiswa, chembe zinazogandisha damu nazo humwaga vifuko vyao, na kipimo kizima huvurugika. Ndiyo maana hatukuthubutu kuchukua damu vijijini na kuileta mjini kwa pikipiki. Watu walikuja wenyewe, wakaketi kwenye benchi la ukumbini, na Mwalimu alikuwa anafika kabla ya wote.

Yeye ndiye aliyewaelewesha wenzake. Nilikuwa nimejaribu kueleza kwa maneno ya mafunzoni, nikaona nyuso zimelala. Mwalimu akasimama, akawaambia akina mama wale, wengi wao wafanyabiashara wadogo wa mpakani, kwamba wanajua jinsi maaskari wa forodha wanavyowanyang'anya mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Rwanda, kila wanapotoka Goma. Wakacheka, wakasema wanajua sana. "Bon," akasema, "mi niko na sachets mu damu, mingi kabisa, na napita barrière kila wiki. Hakuna mutu amenikamata. Huyu laborantine ndiye wa kwanza." Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena vifuko ni nini. Na mimi nikabaki na jina hilo, laborantine, mtu wa maabara, hata tulipokutana dukani.

Daktari wa mradi, mama mmoja mpole aliyekuwa akija kutoka Kigali, alimwuliza kwa nini amejitolea. Mwalimu alisema ni ili isaidie wengine. Daktari alipouliza kama katika ukoo wao kuna mwingine aliyewahi kuugua, Mwalimu alisema hapana. Alilisema akitazama mikono yake, nami nilikuwepo, nikaendelea kupanga mirija yangu.

Basi tukaenda hivyo muda mrefu. Anakuja, natoa damu, majibu yanarudi kwamba hakuna kilichobadilika, picha nazo ni safi, naye ananuna. Nilizoea. Nilidhani ni tabia za uzee.

Kisha majibu yakarudi yamebadilika. Vile vifuko vyenye alama za seli za saratani vilikuwa vimepanda. Daktari akamwita, na Mwalimu akaomba mimi nikae naye ndani. Akapigwa picha, na picha haikuonyesha kitu. Daktari akatueleza kwa uangalifu mkubwa kwamba hii ndiyo hali ambayo utafiti ulikuwa unaisubiri na kuiogopa. Vifuko peke yake si hukumu. Vinaweza kupanda kwa sababu nyingine, hata kwa sampuli iliyoharibika kidogo, na hakuna daktari ambaye angeanza kumpa mtu dawa nzito kwa sababu ya kipimo ambacho bado kinachunguzwa. Alitaka wiki chache zipite, achukue damu upya, kisha apige picha ya aina nyingine, inayoona zaidi.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu. "Donc munasema mi ningoje?"

"Kidogo tu, mubyeyi," daktari akamjibu, kwa neno la heshima tunalowaitia wazazi.

Mwalimu akacheka, kicheko kifupi ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Akasema ni sawa, ni sawa kabisa. Daktari akaniambia baadaye kwamba ni mama jasiri. Nikakubali.

Wiki zile zilikuwa mbaya kwangu. Nilirudia akilini kila nilichokifanya asubuhi ile ya kuchukua damu: sindano, mrija, mashine, friza. Nilitamani kosa liwe langu. Nilitamani nikumbuke kwamba niliuangusha mrija, au nilichelewa kuuzungusha, ili nikamwambie ni mimi, si mwili wake. Sikukumbuka kosa lolote. Na kila jioni nilimsikia upande wa pili wa ukuta akipepeta mchele, nami nikajifanya sina la kusema.

Siku aliyopangiwa hakuja. Tukampigia simu, haikupatikana. Siku iliyofuata vilevile. Kisha Solange akaja maabara, uzi wa cherehani bado umenasa kwenye sketi yake, akaniuliza kama najua mama yake mkubwa ana nini. Alisema Mwalimu amekuwa akiondoka asubuhi akisema anakwenda kwenye maombi, na mtu amemwona Busasamana, katika shamba la zamani la marehemu mama yake Solange, analima. Mwanamke wa umri ule, aliyepasuliwa kifua, analima viazi. Aliniuliza waziwazi kama ugonjwa umerudi.

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nilimwambia siwezi kuzungumza habari za mtu mwingine, hata akiwa mama aliyemlea. Solange akasema amenielewa, na akatoka bila kuniaga. Nilijua ameshapata jibu nusu, nusu ile mbaya, na kwamba nimemwacha aende nayo peke yake. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda pikipiki kwenda Busasamana.

Kule juu kulikuwa na baridi na ukungu umefunika mlima wote. Nilimkuta amevaa viatu vya mpira, amefunga kitambaa kichwani, anachimbua viazi kwenye mstari ambao majirani wa shamba walikuwa wamemwachia. Hakushangaa kuniona. Alisema nimetoka mbali, akanionyesha jiwe nikae.

Nikamwambia tulikuwa tunamsubiri hospitalini. Akasema anajua. Akachimbua shina jingine, akakung'uta udongo, akaweka viazi kwenye ndoo, na akaanza kueleza, bila mimi kumwuliza, tangu mwanzo, kama alivyokuwa akiwataka watoto wa darasani waeleze.

Ilikuwa ni hapa shambani, alisema, wakati wa kuvuna. Mdogo wake alimwita kando, akafungua blauzi, akachukua mkono wa dada yake akauweka juu ya uvimbe. Mwalimu aliugusa kwa vidole vyake mwenyewe. Akamwambia ni maziwa. Mtoto ameachishwa, maziwa yameganda, yatayeyuka. Akamwambia amalize kuvuna kwanza, naye amalize mitihani ya shule, kisha atampeleka hospitali yeye mwenyewe. Mdogo wake akakubali, kwa sababu aliyesema ni dada mkubwa, na ni mwalimu. Mitihani ikaisha, ikaja kazi ya kusahihisha, ikaja Noeli, ikaja mvua. Kila alipopanda kumtembelea, mdogo wake alimwuliza ni lini watakwenda. Hakumsumbua, alisema Mwalimu. Aliuliza tu. Walipofika hospitali, hakukuwa na la kufanya. Haikuwa homa. Ilikuwa ugonjwa huu huu.

Nilidhani amemaliza.

"Na yangu?" akasema. "Yangu niliigusa asubuhi, niko naoga. Chai ilikuwa ku meza. Sikungoja hata ipoe. Nilifika ku hopitali mbele bafungue mulango."

Akasimama akaegemea jembe. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Ya kwake, ngoja. Ya kwangu, mbio. We unaona? Nilikuwa najua. Mutu mwenye hajue hakimbie vile. Kila mukiniambia mi niko muzima, naona mutoto wa mama yangu amekaa ku benchi yenu, anauliza ni lini. Sasa docteur anasema mi ningoje. Bon. Acha ningoje. Ni zamu yangu."

Maneno ya kumfariji yalikuwepo, tunafundishwa. Ningeweza kumwambia kwamba zamani zile dawa zilikuwa chache, kwamba pengine mdogo wake angekufa hata kama wangekwenda siku ileile, kwamba alisema kile ambacho dada yeyote angesema. Yote hayo yangeweza kuwa kweli. Lakini nilijua angeniangalia kama mtoto aliyekimbilia kusema pardon, safari hii kwa niaba yake. Na kulikuwa na jambo jingine lililokuwa limeanza kunitia hofu pale nilipokaa, hofu ya kazi yangu. Mama yake Solange, kisha dada wa mama huyo. Ugonjwa uleule, damu ileile.

Nikamwuliza kama Solange anajua mama yake alikufa na nini.

Akasema Solange anajua ni homa.

"Basi na yeye anangoja, Mwalimu," nikamwambia. "Anangoja, na hajui anangoja nini."

Alitazama mstari wa viazi uliobaki, mrefu, unapotelea kwenye ukungu. Nilidhani atanifukuza. Alikaa chini kwenye tuta, polepole, akavua kiatu kimoja, akamwaga udongo, akavua cha pili. Akashindwa kuvivaa tena, nikamsaidia. Tuliiacha ndoo kwa jirani wa shamba. Njiani alinishika kiuno kwenye pikipiki mpaka Gisenyi.

Damu yake niliichukua siku iliyofuata. Vifuko vilikuwa vimepanda zaidi, na ile picha ya aina nyingine ikaonyesha doa dogo kwenye uti wa mgongo, dogo sana, mahali ambapo hakuwa anasikia maumivu yoyote. Akaanzishiwa dawa. Kadiri miezi ilivyopita vifuko vikashuka, tukawa tunaviona vinashuka kwenye kila majibu kutoka Kigali. Daktari alifurahi, lakini hakudai makubwa. Alisema wamegundua mapema kuliko ambavyo wangegundua kwa picha peke yake. Mapema kwa kiasi gani, na kwa faida gani, hakuna anayeweza kuapa.

Solange aliambiwa na Mwalimu mwenyewe. Sikuwepo. Nilikuwa upande wangu wa ukuta, na sikusikia sauti iliyopandishwa wala mlango uliobamizwa. Baada ya muda nilimwona Solange akitoka na cherehani yake, amesaidiwa na mtu wa mkokoteni. Alihamia Mahoko, mbali na mtaa wetu, akapata kibanda katika soko la huko. Alikuja kupimwa, kama daktari alivyomtaka, na hakukutwa na kitu. Atakuwa anarudi kila mwaka. Nilipomfunga mkono kabla ya sindano aliniuliza kama siku ile alipokuja maabara nilikuwa tayari najua. Nilimwambia nilijua kuhusu vifuko, sikujua kuhusu mama yake. Alitikisa kichwa, akasema haya. Sina hakika kwamba aliniamini.

Hata hivyo, kila siku ya dawa ya Mwalimu, Solange alishuka kutoka Mahoko. Aliketi kando ya kitanda. Alimwuliza kama anataka maji, kama amekula, kama dawa inamchoma. Alimwita Mwalimu, kama sisi wote tulivyomwita, wala si mama mukubwa kama alivyomwita tangu ajue kusema. Wauguzi wapya walidhani ni mwanafunzi wake wa zamani. Mimi niliyejua nilikuwa natafuta kazi ya kufanya chumba kingine. Nilikuwa nimeitoa kweli ile mahali ilipozikwa, kwa sababu nzuri, sababu ambayo ningeirudia tena kesho, na nyumba ya jirani yangu ilikuwa imebaki na mtu mmoja.

Mara ya mwisho kukutana naye nje ya hospitali ilikuwa Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji moto. Nilimpeleka mama yangu akakande magoti. Tulimkuta Mwalimu ameketi kwenye jiwe, miguu ndani ya maji, amekonda, shali imemzunguka mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Yeye na mama waliamkiana kwa kirefu, wakataniana kuhusu redio, kisha mama akaenda upande wenye maji mengi zaidi, mimi nikabaki.

Nilikuwa na majibu yake mapya. Nikamwambia vifuko viko chini, chini kuliko wakati wowote tangu aanze dawa. Akashukuru. Akawa anapapasa uso wa maji kwa kiganja.

"Docteur anasema nimepata miezi," akasema. "Yeye hajue ni mingapi. Mi najua ni ya nani."

Nikakumbuka mitihani, Noeli, mvua, na mdogo wake akiuliza ni lini.

Solange akatokea kutoka ufukweni, ameshika mfuko wa karatasi wenye sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwani, alizonunua kwa wavuvi. Alinisalimu vizuri. Akamkabidhi Mwalimu mfuko, akaweka kidole majini, akasema maji yale yametosha, ngozi itababuka. Mwalimu akatoa miguu mara moja, bila kubisha. Solange akachuchumaa mbele yake, akafungua kitenge alichojifunga kiunoni juu ya sketi, akaanza kumfuta, mguu mmoja kisha mwingine, na katikati ya vidole, kama anavyofutwa mtoto. Hakuinua uso. Alifanya kazi ile kwa makini, akiwa amekunja uso, kama anavyokaa kwenye cherehani.

Mwalimu alikuwa ameshika ule mfuko kwa mikono miwili bila kuufungua. Alikuwa anamtazama Solange utosini, midomo ikisogea kidogo na kutulia tena, kama mwanafunzi anayetaka kusema na hajaruhusiwa.